Tulivyompeleka Mzee Kibwana Toangoma kwa Mabega

Tangu nirudi mmenifuata mmoja mmoja barazani, kila mtu na swali lake. Huyu anauliza kwa nini nashuka ngazi kinyumenyume kama kaa. Yule kasikia kwamba nililala njiani nikarukwa na jeneza. Mwingine, sitamtaja maana ana mdomo, kaambiwa nilifungua saumu mchana kweupe kwa maji ya maiti. Yote ni kweli. Lakini nikimjibu kila mtu kwa zamu yake, taya nalo litachoka, na hicho ndicho kiungo pekee nilichorudi nacho kizima. Basi nimeandika. Pokezaneni karatasi.

Kinondoni hadi Tandika

Mnanijua mie. Ni fundi redio, kazi yangu kukaa. Natoka kitandani nakwenda kwenye kigoda, jioni narudi kwa njia ileile. Mbio zangu za mwisho zilikuwa mchakamchaka wa sekondari, na hata huko nilikuwaga hodari wa kuitikia wimbo kuliko kuinua mguu. Mwezi wa Ramadhani ndiyo kabisa: nikishakula daku sitikisiki, nasubiri magharibi kama gunia linavyosubiri gari.

Basi alfajiri ile Athumani akabisha. Athumani wa mitumba, yule ambaye shati alilovaa leo kesho atakuuzia wewe. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema, "Mtani, baba katutoka." Akaongeza, "Tunamzika leo, Toangoma, shambani kwao. Usikose."

Toangoma! Mie Temeke kwenyewe naionaga kama ng'ambo. Lakini kukataa sikuweza, kwa sababu yeye Mzaramo na mie Mnyamwezi. Nyie mnajua maana yake, ila karatasi hii yaweza kumfikia mtu wa mbali, basi nieleze. Sie na wao ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani. Mtani msibani ana kazi yake. Wafiwa wanalia, yeye anawachokoza: anautukana ukoo, anazuia njia, anadai akombolewe kwa chochote ndipo apishe, na ole wake atakayenuna. Msiba wa Mzaramo usio na Mnyamwezi unapwaya.

Nilipoingia uani kwa marehemu, Tandika, nikaanza kazi papo hapo. "Wazaramo, mmemla mtu mpaka mkabakiza mifupa, sasa mnatafuta wa kuibeba! Na huyu Kibwana mjanja. Mwaka mzima kaumwa hafi, kangojea Ramadhani, ili Mnyamwezi asile ubwabwa wake!"

Watu wakacheka huku wanapangusa macho. Ndani kwa wanawake sauti ikajibu, "Toka zako mchawi wee! Futari yako leo majani!"

Asiyecheka alikuwa mmoja, Mzee Kondo, kaka wa marehemu. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, mikono juu ya magoti, mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Yeye na Kibwana walikuwa makuli bandarini, Kurasini, tangu ujana. Mzigo wa mzegamzega, mti juu ya mabega mawili na shehena katikati, walibeba wao wawili tu; hawakubali kuchanganywa na mtu. Halafu yakaja makontena na winchi, kazi ikapunguza watu, wakapewa asante, wakarudi Tandika kukaa. Mzee Kondo amekaa benchi la nje tangu hapo. Bega aliliona lilelile. Nyama iliyokuwa chini yake ilikwisha kimyakimya, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mtani, cheka utakavyo, ni haki yako. Lakini pembe ya mbele ya kulia ni yangu. Asinipokee mtu, mpaka kaburini."

Marehemu mwenyewe mie nilimwona mara chache tu, naye tayari mgonjwa, sauti imekatika. Alikuwa akisema na Athumani kwa macho. Kumsikia akizungumza, sikuwahi.

Kwa lori, mpaka lilipochoka

Tulipakia jeneza kwenye lori la mchanga, sie tukakaa pembeni juu ya mbao. Mtoni tukapita, Mbagala tukapita, barabara ya Kilwa ina mashimo ya kutosha kumfufua mtu, na nikasema hivyo, watu wakacheka tena. Mzee Kondo alishika mguu wa jeneza njia nzima lisiruke.

Baada ya kuvuka mto Mzinga tukakunja kushoto pale Kongowe. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha kila kitu. Lori likaenda kidogo, likainama upande mmoja kama ng'ombe anayetaka kulala, likalala. Tulisukuma. Mie nilisukuma kwa sauti zaidi. Dereva akashuka, akachungulia magurudumu, akatema mate pembeni, kisha akakumbuka amefunga, asijue kama kutema kunahesabiwa, akamtazama Maalim Shomari aliyekuja kuongoza mazishi.

"Maalim, hili halitoki humo mpaka Idi."

"Tutangoja lingine?" Athumani akauliza.

"Lingine lipi, braza? Huku nani anakuja?"

Mzee Kondo alikuwa ameshashuka. Aliingiza bega la kushoto chini ya pembe yake, peke yake, upande mmoja wa jeneza ukanyanyuka. "Bandari haikungoja gari," akasema. "Haya. Pandisha!"

Tukawahi pembe nyingine kabla maiti hajamiminika.

Njia ya mchanga

Mzikaji mzoefu anajua: jeneza halibebwi na watu wanne, linabebwa na msafara mzima. Unaingia mbele, unachukua hatua chache, mwenzio anakuja nyuma yako na "nipokee thawabu", unateleza pembeni, unapumua, unarudi nyuma, unaingia tena. Hakuna anayechoka kwa sababu hakuna anayeachwa achoke. Mie mpenda kupumzika niliupenda mpango huu mara moja. Kifua kilikuwa kikinipiga kama mashine ya kusaga, mapaja yanaungua, nami nikishapokewa tu na kutembea mikono mitupu kidogo, kila kitu kinarudi mahali pake kana kwamba sikubeba.

Nikaanza kuwafundisha. "Ndani ya misuli kunajaa asidi. Ukipumzika damu inakuja inaiosha. Baiolojia hiyo, kidato cha tatu."

"Na ulipata ngapi?" Athumani akauliza.

"Tusifike huko."

"Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora," mtu akasema nyuma, "yeye kabeba asidi!"

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda, kalima inasomwa, katikati ya kalima utani. Mchanga ulikuwa unameza mguu mpaka kwenye kifundo, kila hatua unailipia mara mbili. Nami nikaingia pembe ya mbele ya kushoto, ubavuni kwa Mzee Kondo, jeneza kati yetu. Ukingo ulikuwa unanikata shingo, nikausukuma juu kwa mkono wa kulia, nikang'ang'ana hivyo mpaka Athumani aliponipokea. Nikateleza pembeni, nikashusha mkono.

Mkono ukapanda.

Naandika kama ulivyokuwa. Sikuupandisha. Ulielea wenyewe, polepole, kutoka ubavuni mpaka usawa wa bega, kama wa mwanafunzi anayejua jibu, na mie jibu silijui. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Nikaushusha kwa ule wa pili, nikauachia, ukapanda tena.

"Mtani, unamwita nani?" Athumani akauliza kutoka chini ya jeneza.

"Simwiti mtu. Unakwenda wenyewe."

Aliyekuwa nyuma yangu akaanza kusoma Ayatul Kursi, na hakuisoma kwa utani. Baadaye ulitulia. Sasa najiambia ni misuli tu, imeshasukuma muda mrefu, ikasahau kwamba mzigo umeondoka. Najiambia hivyo mchana. Lakini siku ile nilipoangalia upande ule mkono ulikokuwa umeelekea, ulikuwa umeelekea jeneza.

Mikoroshoni

Jua lilipofika utosini tuliingia kwenye mikorosho. Wazee wa pwani hawapiti mikoroshoni saa ile, mnajua kwa nini, na kama hamjui ulizeni bibi zenu mie sitaki kuandika. Upepo ulikatika. Ndege hakuna. Matawi yameinama mpaka chini, kila mti umejifanyia chumba chake cha giza, na sie tunapita kwenye ukanda wa jua katikati, bila vivuli, maana vivuli vyetu vilikuwa chini ya nyayo.

Hapo ndipo niliposikia kwamba kalima imekufa na sote tunatembea kwa sauti nyingine. Ilikuwa ya Mzee Kondo. Anaita chini kwa chini, wito wa makuli. "Haya... sogea. Haya... sogea. Pandisha." Hakuna aliyeamua kumfuata. Miguu ndiyo ilimfuata. Nilijaribu kuvunja hatua, kusudi, nikachelewesha mguu mmoja; baada ya muda mfupi nikajikuta nimerudi kwenye hatua yake sijui lini.

Zamu yangu ikaja tena, kushoto mbele. Bega lilikuwa limeshachubuka, nikajua sitamaliza hatua kumi. Mzee akasema, "Pandisha, Kibwana." Na uzito ukaondoka. Haukupungua, uliondoka. Jeneza liligusa bega langu kama kitambaa. Nikajieleza harakaharaka: tunapanda kilima, mzigo umerudi kwa walio nyuma. Njia ilikuwa sawa kama meza.

Sikuomba kupokewa. Nilipokewa tu, nikatoka, na sikufanya mzaha wowote. Watu wakaniuliza, "Mtani vipi, umemeza ulimi?"

Mbele yetu akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akatoka njiani, akachuchumaa kutupisha kama ada.

"Poleni, wanangu."

"Tushapoa, mama."

"Mnawazika wawili?"

"Mmoja tu, mama," Athumani akajibu.

Mama yule alitazama mbele ya jeneza, akatazama kwa muda. "Haya," akasema. "Mungu awatangulie." Kisha akainuka, akaingia mikoroshoni, pasipo na njia, kuliko kupishana nasi.

"Macho yamemwisha," Athumani akanung'unika.

Lakini mie nikataka kuona alichokiona. Nikakimbia, ndiyo, nilikimbia, nikaenda kutembea kinyumenyume mbele ya msafara.

Sote tulikuwa tumelowa. Kanzu zimetushika migongoni, jasho linatudondoka puani. Kanzu ya Mzee Kondo asubuhi ilikuwa imelowa kuliko zote. Sasa ilikuwa kavu. Imekauka juu yake, na chumvi imechora mistari myeupe kifuani kama alama za maji kupwa. Midomo yake ilikuwa na utando. Na kwenye joto lile, mzee alikuwa anatetemeka kama mtu aliyetolewa kisimani.

Tangu Kongowe hakupokewa hata mara moja. Sote tulikuwa tumepumzika kwa zamu zetu, yeye hapana.

"Mzee wangu, nipishe nikupokee."

Hakunitazama. Aligeuza kichwa kushoto, akasema juu ya jeneza, "Kibwana, mwambie huyu aondoke."

Upande ule alikuwa Athumani. "Baba mkubwa, ni mie, Athumani."

"Najua. Sisemi na wewe."

Chini ya jeneza

Nikapiga kelele. "Jamani, mzee anakufa! Mpokeeni, mzee anakufa!"

Wakacheka.

Wakacheka kwa moyo wote, kwa furaha, kwa kuwa mtani wao amepata ulimi tena. "Huyo kaanza! Anataka kuzika wawili kwa nauli moja!"

"Wallahi si utani!"

"Wallahi ya Mnyamwezi hiyo, iungeni chumvi!"

Hata Maalim Shomari alitabasamu ndevuni. Jamani, nani awalaumu? Tangu asubuhi nilikuwa nimewaambia kwamba wamemla ndugu yao, kwamba wanampeleka mbali ili asirudi kudai mirathi. Ingekuwa ajabu kama safari hii ningeaminiwa. Mtu mwingine yeyote mle msafarani, hata dereva wa lori, angesema maneno yaleyale wakasimama. Mie peke yangu nilikuwa nimekatazwa kusema kweli.

Basi nikafanya kitu pekee ambacho mtani anaruhusiwa na ambacho mie nakijua kuliko wote. Nikalala chini. Katikati ya njia, chali, mikono nimeitandaza. Mtani akizuia jeneza lazima lisimame akombolewe.

Likasimama. "Unataka nini, mwizi wee?"

"Nataka pembe ya mzee! Sipishi mpaka nipewe pembe ya mzee!"

Wakaona ndiyo raha yenyewe. Nilimwona Mzee Kondo kutoka chini, mrefu kama mnazi, macho yake yanaangalia mbali kunipita.

"Mrukeni," akasema. "Haya... sogea."

Na miguu ikamtii. Yeye akaanza, jeneza likavutika, waliokuwa chini yake hawakuwa na la kufanya ila kufuata. Wakaniruka. Mchana ukazimika. Sijui kama kuna mtu kati yenu aliyewahi kuliona jeneza kwa chini likipita juu ya uso wake, msilitafute. Niliona mbao, kamba, ukingo wa shuka la kijani, na tone moja likanidondokea kwenye paji la uso, la baridi. Sijui lilikuwa jasho la mbebaji au maji ya josho la maiti.

Nikadaka mguu wa Mzee Kondo kwa mikono miwili.

Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama kigae kilichotoka mekoni, na chini ya ngozi nyama ilikuwa inarukaruka, kama panya ndani ya gunia. Na mguu haukusimama. Nimeukumbatia, mzee mwenyewe kasimama, lakini mguu ulikuwa unaendelea kutembea mikononi mwangu, sogea, sogea, bila kwenda popote.

"Athumani," nikasema, sasa kwa sauti ndogo, "mguse tu. Usiniamini. Mguse."

Athumani akanyoosha mkono kupita mbele ya jeneza akamgusa baba yake mkubwa shingoni. Sikumwona uso, nilisikia tu kicheko chake kinakatika. "Mpokeeni," akasema. "Mpokeeni sasa hivi!"

Mtu mmoja akaingiza bega chini ya pembe ile, Mzee Kondo akatolewa. Nami nikamwachia mguu, nikidhani tumemaliza.

Mzee akaondoka. Alitembea mbele, peke yake, hatua zilezile za makuli, bega la kushoto limeinama chini ya uzito na mkono wa kushoto umeshika ukingo hewani. "Haya... sogea. Pandisha, Kibwana." Alikuwa hana kitu begani. Na hatua zake mchangani zilikuwa zinadidimia.

Sie tukabaki na jeneza letu tukimtazama akimpeleka Kibwana wake. Alikwenda hivyo mpaka kwenye mkorosho mmoja mkubwa, magoti yakakunjika, akakaa. Mkono haukushuka.

Maji

Maji yaliyokuwepo msafarani yalikuwa dumu moja, maji ya kumwagia kaburi, yametiwa marashi. Aliyelibeba alilikumbatia. "Haya ya marehemu, Maalim."

"Kaburi litangoja," Maalim Shomari akasema. Hakuwa anatabasamu tena. "Mtu akihofiwa roho, kumfungulisha saumu ni wajibu. Mleteni."

Tukamlowesha kichwa, kifua, kwapa. Lakini tulipoweka kikombe mdomoni, meno yalifungwa. Athumani akabembeleza, Maalim akamsomea ruhusa ya dini kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Mzee akafungua mdomo kwa ajili ya maneno tu.

"Kibwana hajanywa."

Athumani akashusha kikombe.

"Walikuwaga hivyo," akasema. "Bandarini walikuwa na kopo moja. Anaanza baba, mdogo, halafu yeye. Yeye hanywagi kwanza."

Mzee akafumba mdomo. Pumzi yake ilikuwa fupi na ya juujuu, kama ya njiwa aliyeshikwa mkononi. Maalim akaanza kuangalia upande wa kibla, akidhani hatumwoni.

Mtani ana ruhusa moja ambayo hata mtoto wa marehemu hana: anaweza kuwa marehemu. Nyie mmeona misibani, mtani anavaa kofia ya maiti, anatembea kama yeye, anagomba na mjane, watu wanacheka wanalia. Mie siku ile sikuwa na kofia yake, na mwendo wake siujui, wala sauti.

"Maalim, nikinywa na mie?"

Alinielewa kabla sijamaliza. "Kumwokoa mtu ni dharura. Kunywa. Siku yako utailipa."

Nikapiga magoti upande wa kushoto wa mzee, pale alipokuwa akielekeza maneno yake. Nikafungua mdomo nikiwa sina mpango wowote, na kilichotoka kilitoka chini sana, kwa mikwaruzo.

"Kaka, tua. Nimechoka mie."

Nyuma yangu Athumani akavuta pumzi kama mtu aliyechomwa.

Mzee Kondo alinigeukia. Tangu Kongowe ndiyo mara ya kwanza macho yake kukaa juu ya kitu. Alinitazama, na sitawaambia nilijisikiaje kutazamwa vile, kwa sababu aliyekuwa anatazamwa hakuwa mie.

"Si ungesema mapema, Kibwana," akasema. "Njia nzima nakusubiri wewe useme."

Mkono wake ukashuka.

Nikanywa kwanza. Maji yalikuwa na harufu ya waridi na ladha ya plastiki, na yaliposhuka kooni nilihisi ninakunywa cha mtu. Kisha nikampa. Akanywa, akaomba tena, akanywa.

Kurudi

Hawakuweza kungoja. Maalim akasema maiti asicheleweshwe, msafara ukaendelea, na mie nikaachwa chini ya mkorosho kumpepea mzee kwa kofia na kumlowesha kwa yaliyobaki. Kaburi la Mzee Kibwana lilimwagiwa maji ya kisima cha chumvi. Mzee Kondo alilala. Kwa mbali nikasikia "amin" za dua zinakuja na kukatika. Wakati huo ndipo paji lake la uso likaanza kutoa jasho, tone, halafu tone. Sijawahi kufurahia jasho la mtu namna ile.

Alipoamka wenzetu walikuwa wamesharudi. Akauliza, "Kashatua?"

"Kashatua, mzee wangu."

"Nani kamshusha?"

"Athumani aliingia kaburini."

Akajipangusa jasho la paji. "Nilitaka nimshushe mie," akasema. Nikaendelea kumpepea.

Tulimbeba mpaka barabara ya Kilwa, tukapata gari, tukampeleka zahanati Mbagala, wakamtundikia dripu, wakamwambia apumzike mpaka wao waseme basi. Mie nikarudi Kinondoni, miguu yangu mizima, nikajisifu, nikafuturu, nikalala. Hapo ndipo nilipokosea. Uchovu haukunijia njiani, uliningojea nilale. Asubuhi sikuweza kukunja goti. Ndiye huyo kaa mliyemwona ngazini. Lakini hilo si kitu, limeanza kupoa. Linalonitia wasiwasi ni neno la mke wangu. Anasema usiku mzima miguu yangu ilikuwa inatembea kitandani, wala si ovyo, ina hatua. Akaniamsha akauliza, "Unamfuata nani?"

Athumani alikuja kunijulia hali. Akakaa, akachezea redio bovu. "Mtani, sauti ile uliitoa wapi?"

"Aa, nyie Wazaramo sauti zenu zote moja."

Hakucheka. "Baba akichoka alikuwa akisema hivyohivyo. 'Nimechoka mie.' Ile 'mie' anaiburuta mwishoni. Hujawahi kumsikia."

"Sijawahi."

Akarudisha redio mahali pake, akaondoka.

Idi ilipopita, Mzee Kondo akanitumia salamu: sie wawili tuna siku ya kulipa, basi tufunge pamoja, jioni nije nifuturu kwake. Nilikwenda. Tandika, kwa hiari yangu! Palikuwa na uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi, mkeka umetandikwa uani. Mzee amekonda, lakini macho yametulia, anaongea vizuri na kila mtu, anamkumbuka kila mtu kwa jina lake. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamtupia utani mmoja wa kupimia maji, akacheka, meno yote nje. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kapona, yamekwisha.

Adhana ikasomwa. Akachukua kikombe cha maji, akakishika, asinywe. Akanisogezea.

"Anza wewe, mdogo wangu."

 Athumani aliinamisha uso akatazama mkeka. Nikatafuta utani mdomoni, sikuupata. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikaanza.